WeatherStar: si nyota, wala si mtabiri

Nimeisikia tena juzi, kwa kijana anayependa video za televisheni za Marekani za miaka ya tisini: eti WeatherStar ilikuwa "kompyuta ya kutabiri mvua". Safari hii sinyamazi.

Kwa kifupi, ni kifaa kilichofungwa kwenye mitambo ya kampuni za kebo huko Marekani, tangu The Weather Channel, chaneli ya televisheni ya habari za hali ya hewa, ianze kurusha matangazo Mei 2, 1982. Chaneli ilikuwa moja kwa nchi nzima, lakini kwa kifaa hicho kila mji ulisomewa hali ya hewa ya kwake.

Jina ndilo linalopotosha. Wengi hutafsiri "nyota", wakadhani kuna unajimu ndani. STAR ni herufi za mwanzo za maneno manne ya Kiingereza, na maana yake ni kipokezi cha transponda ya setilaiti (kifaa kinachopokea na kurusha mawimbi huko angani) chenye anwani. Neno zito hapo ni anwani. Takwimu za miji yote zilishuka pamoja kutoka angani, zimefichwa kwenye mistari ya mawimbi ya video ambayo mtazamaji haioni. Konda akiita "Mbagala! Mbagala!" stendi nzima husikia, ila anapanda wa Mbagala tu. Vivyo hivyo, kila kifaa kilisikia yote, kikachukua yaliyoitwa kwa anwani yake, kikayaandika juu ya skrini zamu ya habari za mtaani ilipofika.

Sasa hilo la kutabiri. Neno lenyewe tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko linahusu kufasiri ndoto. Hata kwetu ndoto hutabiriwa. Mtabiri anaangalia dalili na kutoa kauli. WeatherStar haikuangalia wingu wala kupima upepo. Utabiri uliandikwa na wataalamu, kwa miaka mingi wale wa idara ya serikali ya hali ya hewa ya Marekani, na kifaa kikaupokea ukiwa tayari. Hata toleo lile la WeatherStar 4000 la mwaka 1990, lililopendwa kwa michoro yake ya jua na mawingu (mpaka leo wapo wanaoliigiza kwenye kompyuta zao), halikuongeza hata nyuzijoto moja ya kwake lenyewe.

Ajabu ni kwamba neno sahihi tunalo ndani ya nyumba. Dar es Salaam ilipozimiwa matangazo ya televisheni ya analojia mwishoni mwa 2012, kila mtu alijua king'amuzi ni nini. Kung'amua ni kutambua kilichomo ndani ya kitu kilichokwisha kuwapo. Ndiyo kazi ya WeatherStar hiyo, tofauti ni kwamba hiki kilikaa kwa kampuni ya kebo, si chini ya televisheni sebuleni.

Kwa hiyo, mdogo wangu, endelea kufurahia video zako. Ila ukiisimulia, sema king'amuzi cha hali ya hewa.