Rego uliyolipa haitengenezi gari la mwenzako

Kituo chetu cha msaada wa kisheria hapa Queensland, Australia, kinazidi kupokea wateja wanaozungumza Kiswahili, wengi wakiwa na barua ya namna moja: kampuni ya bima ya dereva mwingine inadai gharama za matengenezo. Jibu tunalolisikia kuhusu rego, yaani ada ya usajili wa gari, ni lilelile: "Lakini nimelipa rego, na bima imo humo." Imo, ndiyo. Ila siyo hiyo.

Iliyomo kwenye ankara ya rego ni CTP, bima ya lazima, nayo inahusu watu walioumia au kufa katika ajali. Bati, taa, kioo au ukuta wa jirani haiugusi. Jimbo la Victoria ni vivyo hivyo kupitia TAC, tume ya serikali ya ajali za barabarani; New South Wales unainunua mwenyewe kabla ya kusajili gari. Kule tulikotoka, ile bima ndogo yenye stika kwenye kioo mara nyingi hulipa na gari uliloligonga, kwa hiyo chanzo cha kuchanganya tunakielewa. Lakini mtu aliyeishi hapa Logan, Queensland, miaka sita bado anasema hivyo?

Bima za mali ni za hiari. Ya chini kabisa hulipa mali ya uliyemgonga, lako unalitengeneza mwenyewe. Ya kati huongeza moto na wizi. Bima kubwa hulipa na gari lako hata kama kosa ni lako. Kwa gari kuukuu la dola 3,000, bima kubwa huenda isiwe na faida: toa ada ya mwaka, toa eksesi, yaani kile unachochangia mwenyewe kila unapodai, uone kinachobaki. Kukosa hata ile ya chini, kwa maoni yangu, ni kamari. Huchagui kama utakayemgonga kwenye taa ana Corolla au Mercedes.

Linalotuumiza kichwa zaidi ni madereva wasiotajwa. Gari la familia zetu ni la wote: leo shemeji, kesho kijana mwenye sahani ya P, yaani dereva mpya mwenye leseni ya muda. Bima inakatwa kwa jina la mama kwa sababu ni nafuu. Tangu tarehe 5 Oktoba 2021, sheria inakutaka uchukue uangalifu unaofaa usitoe taarifa za uongo unapojibu maswali ya kampuni. Ukiulizwa nani huendesha, wataje. Usipowataja, kampuni inaweza kupunguza malipo au kukuongezea eksesi. Ikithibitika ulidanganya kwa makusudi, inaweza kuufuta mkataba. Hali kadhalika ukisambaza chakula kwa aplikesheni huku umesema gari ni la matumizi binafsi.

Dai likikataliwa, andika malalamiko kwa kampuni yenyewe kwanza. Kwa kawaida ina siku 30 za kalenda kukujibu. Usiporidhika, au siku zikipita kimya, nenda AFCA, chombo huru cha malalamiko ya bima na fedha, simu 1800 931 678. Ni bure, na uamuzi wake ukiukubali unaibana kampuni. Baada ya jibu la mwisho la kampuni una miaka 2 ya kufika huko. Kiingereza kikikupiga chenga, piga 131 450 uombe mkalimani wa Kiswahili. Mtoto wa darasa la saba asiwe mkalimani wako, tafadhali.

Na anayeendesha bila rego, yaani bila CTP: faini ni sehemu ndogo tu. Ukimjeruhi mtu, mfuko wa Nominal Defendant, unaolipa majeruhi wa magari yasiyo na CTP, unaweza kumlipa yeye kisha ukakudai wewe.

Wewe uliyekwisha kupata barua, usiitupe. Usikiri kiasi kinachodaiwa kabla hujaomba kwa maandishi makadirio ya fundi, picha za gari na maelezo ya kwa nini kosa linasemwa ni lako. Kama deni ni halali na huna fedha, unaweza kuomba kulipa kidogo kidogo. Ukija kwetu, njoo na barua yenyewe pamoja na bahasha yake.