Je, wajua? Bosi mpya wa timu ya Formula 1 huanza kazi na gari la bosi aliyeondoka

Machi 2023 niliamini McLaren, moja ya timu za mbio za magari za Formula 1, wamechemka. Andrea Stella alikuwa amekabidhiwa ukuu wa timu Desemba 2022, na mbio za kwanza za msimu, Bahrain, zikawa aibu: gari la dereva Oscar Piastri lilizimika kwa hitilafu ya umeme, naye mwenzake Lando Norris aliingia piti (kituo cha kuhudumia gari mbio zikiendelea) mara sita na kumaliza wa 17. Nikatoa hukumu palepale: bosi huyu hafai. Julai Norris akashika nafasi ya pili katika mbio za Silverstone, Uingereza, nami bila haya nikageuza: kumbe jamaa ni fundi! Hukumu zote mbili zilitoka kwenye kosa lilelile.

Kosa lenyewe ni kumfananisha mkuu wa timu na kocha wa soka. Kocha anaweza kubadili mfumo Ijumaa, akacheza nao Jumamosi. Na hata huko sifa zake huzidishwa. Uchunguzi wa ligi ya Uholanzi ulionyesha kwamba timu zilizofukuza kocha wakati wa matokeo mabaya ziliinuka, lakini zilizovumilia na kocha wao ziliinuka vilevile. Aliyefika chini kabisa mara nyingi hana pa kwenda ila juu. Formula 1 imeliandika jambo hilo kwenye kanuni: tangu 2022, bingwa hupewa asilimia 70 tu ya kiwango cha msingi cha majaribio ya handaki la upepo (chumba cha kupima jinsi hewa inavyopita kwenye umbo la gari), wakati timu iliyoshika nafasi ya kumi hupewa asilimia 115. Kwa hiyo timu dhaifu ikipata bosi mpya na muda zaidi wa majaribio kwa pamoja, kujua kipi kilichoiinua ni kazi ngumu. Mashabiki humtaja bosi, kwa sababu handaki halihojiwi kwenye televisheni.

Sasa tuje kwenye gari. Fikiria umenunua nyumba iliyokwisha kufika kwenye lenta. Unaweza kuchagua rangi, milango, vigae, hata kuhamisha ukuta mmoja wa ndani ukiwa na moyo. Msingi huugusi. Ukubwa wa vyumba aliuamua mwenye nyumba wa kwanza, na kama alikosea kipimo, utaishi na kosa lake mpaka ujenge nyumba nyingine. Gari la msimu ujao huanza kuchorwa wakati la msimu huu bado linashindana. Ikifika Desemba, umbo lake kuu limeshaamuliwa na vipande vingi viko mashineni. Stella alikuta nyumba iko kwenye lenta. Siku ya kuzindua gari, Februari, alikiri kwamba baadhi ya malengo ya usanifu hayakufikiwa.

Watu nao hawaji haraka. Mhandisi anayehama timu kubwa kwa kawaida hulazimika kukaa nje miezi kadhaa ili siri alizobeba kichwani zichakae. McLaren walitangaza kumchukua mhandisi Rob Marshall kutoka timu pinzani ya Red Bull mwaka 2023, akaanza kazi Januari 2024. Majengo ndiyo hayana haraka kabisa: handaki jipya la upepo la Woking, makao ya McLaren, lilianza kutumika 2023, lakini uamuzi wa kulijenga ulipita 2019, Stella akiwa bado hajawa mkuu.

Je, bosi hana kazi basi? Anayo. Machi 2023 Stella aliupanga upya uongozi wa kiufundi, na maboresho ya gari yaliyoletwa kwenye mbio za Austria mwezi Julai ndiyo yaliyoigeuza timu. Mwaka 2024 McLaren wakatwaa ubingwa wa timu kwa mara ya kwanza tangu 1998. Lakini Stella alikuwa ndani ya timu hiyo tangu 2015, alijua panapovuja. Mgeni kabisa angefanya hivyo kwa miezi minne? Nina shaka. Jean Todt aliingia Ferrari kama mkuu wa timu katikati ya 1993, na ubingwa wa timu ulikuja 1999.

Upande wa pili wa sarafu, yaani kurithi gari zuri, ni mtamu zaidi. Honda walitumia 2008 nzima kuandaa gari la 2009, kisha Desemba wakajitoa Formula 1. Ross Brawn, aliyekuwa mkuu wa timu hiyo, akaichukua timu, na gari lililogharamiwa na Honda likampa dereva Jenson Button ushindi katika mbio sita kati ya saba za mwanzo, na mwishowe mataji yote mawili, la madereva na la timu. Honda walilipa bili, jina likawa Brawn.

Julai 2025 Red Bull walimwondoa mkuu wao Christian Horner baada ya miaka ishirini, wakamweka Laurent Mekies. Septemba dereva wao Max Verstappen akashinda mbio za Monza, Italia, na Mekies, mhandisi kwa taaluma, akasema mchango wake ulikuwa sifuri. Verstappen hakukubali moja kwa moja: alisema maswali ya kiufundi ya bosi wake yamesaidia. Verstappen alimaliza msimu pointi mbili nyuma ya Norris, aliyetwaa ubingwa.

Wengi walisema Mekies apimwe kwa gari la 2026, la kanuni mpya. Ila timu ziliruhusiwa kuanza majaribio ya umbo la gari hilo kwenye upepo tarehe 1 Januari 2025, na kwa miezi sita ya kwanza aliyekalia kiti alikuwa Horner.