Alichofanya Frankie Knuckles santuri mpya zilipokauka

Vijana wanaonijia wakitaka kuwa madijei huanza na vifaa: ninunue kontrola gani, ile mashine ya vitufe ya kuchanganyia nyimbo? Mimi huwapeleka kwanza Chicago ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa dijei Frankie Knuckles.

Alikuwa mtoto wa Bronx, New York. Aliyefuatwa kwanza kupiga muziki kwenye klabu ya Warehouse huko Chicago ni rafiki yake, Larry Levan. Levan akakataa, Knuckles akaenda mwaka 1977.

Julai 12, 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, Chicago hiyohiyo, sanduku kubwa la santuri za disko lililipuliwa huku maelfu ya walioichukia disko wakishangilia. Makampuni ya muziki yakaanza kuikimbia disko. Dijei aliyetegemea mzigo mpya kila wiki, huo mzigo angeutoa wapi?

Knuckles alirudi kwenye nyimbo zilezile ambazo watu wake walizipenda, akazikatakata. Wengi humwita baba wa house, muziki wa dansi uliozaliwa Chicago. Mimi namwona zaidi fundi cherehani. Alitumia mashine ya kanda za rili, yaani utepe wa sauti uliozungushwa kwenye magurudumu, na kazi hiyo ilikuwa ya wembe na utepe wa gundi. Kanda ya studio mara nyingi hukimbia sentimita 38 kwa sekunde. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, mapigo manne ni sekunde mbili, yaani sentimita 76 za utepe. Ukitaka kipande cha ngoma kijirudie mara nane, unakinakili mara nane, unakata, unaunga. Ukipotea sentimita mbili tu, mcheza dansi anajikwaa, hata kama hajui lolote la muziki.

Alipohamia klabu yake mwenyewe, Power Plant, alinunua mashine ya ngoma ya Roland TR-909 kutoka kwa dijei Derrick May wa Detroit, akawa anatia mdundo wake chini ya santuri. Mwaka 1998 alipopewa Grammy ya kwanza kabisa ya watengeneza remiksi, alikuwa bado kwenye kazi ileile: wimbo wa mtu mwingine, ulioshonwa upya kwa ajili ya wachezaji.

Basi kontrola huwa naiweka kando. Nawaambia wachague wimbo mmoja ambao watu wao tayari wanaucheza harusini, waukate kwenye kompyuta, waupige Jumamosi, na watazame ni wapi watu wanarudi vitini. Jumapili wanakata tena hapohapo.