Makaa ya Befana si adhabu, na Santa hayamhusu

Kila ikifika Desemba naulizwa swali lilelile, na mwaka huu limeingia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kabla hata sijafungua gunia la kwanza la sukari: "Hivi kweli huko mnawapa watoto watukutu makaa siku ya Krismasi? Huo si ukatili?" Chini yake kuna picha ya Santa Claus na mtoto analia. Basi nalijibu leo kwa urefu, maana makaa ya Befana, bibi wa hadithi za Waitaliano, ni ya sukari, na mimi ndiye ninayeyapika, kwenye duka la keki mkoani Treviso, kaskazini ya Italia, na inaniuma kuona kitu kizuri kinasingiziwa.

Tummalize Santa kwanza. Mwaka 1810 John Pintard wa New York alichapisha picha ya Mtakatifu Nikolasi, ndiye aliyegeuka Santa, na soksi zilizotundikwa kwenye meko: ya mtoto mwema imejaa zawadi, ya mtukutu ina fimbo. Kitabu kidogo cha watoto kilichotoka mjini humo mwaka 1821 kinaahidi fimbo pia, ndefu na nyeusi. Lile shairi maarufu la Kiingereza kuhusu Santa, "A Visit from St. Nicholas", lililotoka gazetini mjini Troy tarehe 23 Desemba 1823 halina adhabu yoyote. Masizi yaliyomo humo ni yale yaliyomchafua mzee mwenyewe akipita kwenye dohani. Makaa ya mawe yaliingia kwenye hadithi ya Wamarekani baadaye, nyumba zao zilipokuwa zikipashwa joto kwa makaa hayo. Wajerumani na Waholanzi nao wana fimbo zao. Hao tuwaache.

Makaa ninayopika ni ya Befana. Huyu ni bibi kizee mwenye viatu vilivyotoboka, anapanda ufagio, na hapiti Krismasi. Hupita usiku wa kuamkia tarehe 6 Januari, sikukuu ya Epifania. Inasimuliwa kwamba Mamajusi walipokuwa safarini kwenda Bethlehemu walimwalika wafuatane naye, akasema ana kazi za nyumbani. Baadaye akajuta, akatoka na kikapu cha vitu vitamu, na tangu hapo anaacha zawadi nyumba hadi nyumba akitumaini kwamba mojawapo ndimo alimo Mtoto Yesu. Waitaliano hawatanii na bibi huyu. Serikali iliifuta Epifania kwenye orodha ya siku za mapumziko mwaka 1977, na mwaka 1985 ikairudisha.

Sasa hilo la adhabu, ambalo ndilo linalonikera. Soksi anayoijaza Befana ina machungwa madogo, jozi, chokoleti, torone (pipi ya asali na lozi), na juu yake au chini kabisa bonge la makaa. La sukari. Sijawahi kumuuzia mtu soksi yenye makaa matupu, wala sijaombwa. Anakuja nyanya wa watu na wajukuu wake kichwani, anasimama mbele ya trei na kuchagua bonge mojamoja kwa kidole: hili dogo la fulani, hili kubwa la yule aliyekuwa akimvuta dada yake nywele, na hili la katikati la baba yao, kwa sababu hajapiga simu tangu Oktoba. Kila mtu anapata. Hakuna aliyemaliza mwaka bila kosa, na hakuna aliyekosa kiasi cha kunyimwa chokoleti. Mtoto anaelewa ujumbe, anacheka, analiguguna bonge lake hadi ulimi unakuwa mweusi. Nionyesheni ukatili uko wapi hapo.

"Lakini zamani yalikuwa makaa ya kweli," ataniambia mjuzi mmoja. Ndiyo, na majivu, na vitunguu. Tazama yalikuwa makaa gani. Italia haina makaa ya mawe ya kutosha. Kwenye milima ya Apennino watu walichoma mkaa wa miti, wakipanga magogo na kuyafunika kwa udongo, kama unavyochomwa kwetu mpaka leo. Mtu anayepimiwa mkaa kwa kopo Mbagala atanielewa haraka kuliko anayepikia gesi: kipande cha mkaa kina bei. Mtoto alikosa pipi, lakini hakupewa takataka.

Wataalamu wa mila wanakwenda mbali zaidi. Hapa Veneto, jimbo lenye Treviso, jioni ya tarehe 5 Januari, vijijini huwashwa moto mkubwa uitwao panevin, sanamu ya kikongwe, yaani mwaka wa zamani, huteketezwa juu yake, na wazee hutazama cheche zinapeperukia upande gani ili wabashiri mavuno. Wanasema makaa ya Befana ni mabaki ya mwaka uliochomwa, yaani baraka kabisa. Natamani iwe hivyo. Ila Roma, ambako moto huu si desturi, Befana analeta makaa vilevile, kwa hiyo siapi.

Na tafadhali, si sukari iliyoungua! Sukari iliyoungua ni chungu na inang'aa kama kioo. Makaa haya hayang'ai, yana matundu, na yanasagika mdomoni kama mchanga. Shira inachemka hadi karibu nyuzi 140 za Selsiasi. Pembeni una ute wa mayai uliopigwa na sukari ya unga, matone ya limau, spiriti kidogo (pombe kali ya kunyweka, si ile ya vidonda) na rangi nyeusi. Unaumimina ndani ya shira na kukoroga upesi. Mchanganyiko unapanda hadi ukingo wa sufuria, unashuka, halafu unapanda tena. Hapo hapo unamwaga kwenye chombo, na usikiguse tena. Ukichelewa kidogo tu unabaki na tofali. Maji ya ute yanageuka mvuke na kutoboa matundu, huku sukari, kwa kukorogwa, inarudi kuwa chembechembe na kuganda. Mapishi mengi yanasema spiriti ndiyo inayoumua. Nina mashaka: nimepika bila spiriti na yakaumuka vizuri tu, ingawa matundu yalikuwa madogo.

Rangi yenyewe hapa Ulaya mara nyingi ni E153, kaboni ya mimea iliyochomwa, kwa hiyo kuna mkaa wa kweli kidogo humo ndani. Marekani hairuhusiwi kama rangi ya chakula. Mlioko huko tumieni rangi nyeusi ya keki.

Yakipoa, yavunje kwa mkono, usiyakate kwa kisu, yapate sura ya makaa. Yatie kwenye mkebe unaofunga vizuri. Usiyaweke kwenye friji, yatavuta unyevu na kunata. Na kwenye soksi yatangulie makaa, chokoleti ifuate juu yake.