Kontena likifunguliwa, usikimbilie ndani

Wiki iliyopita nilikuwa nawapa darasa la usalama wa mizigo hatari madereva wa malori kwenye yadi moja huku Kurasini, nikawauliza ile pleti ya rangi ya chungwa nyuma ya tangi, yenye namba juu na namba chini, inasema nini? Kimya. Dereva mmoja mtu mzima, miaka na miaka anavuta mafuta Dar kwenda Tunduma, akanyoosha mkono akasema dada, mimi nilijuaga ni namba ya gari kwa tajiri, kama wanavyoandikaga mabasi. Watu wakacheka, ila nilivyowaangalia usoni nikajua nusu yao na wao walidhani hivyo hivyo.

Sasa sikieni. Namba ya chini, ile ya tarakimu nne, ndio jina la mzigo. 1203 petroli, 1202 dizeli, 1830 asidi ya salfuriki, na ni hivyo hivyo dunia nzima, ukiisoma kwa zimamoto wa Dar au wa Lusaka wote wanajua wanakuja kupambana na nini. Ya juu ndio tabia yake: 3 ni kimiminika kinachoshika moto, 6 ni sumu, 8 kinachounguza ngozi na kula chuma, na tarakimu ikijirudia ujue tabia imezidi, ndio maana petroli ni 33 na dizeli ni 30. Ukiona herufi X imetangulia hapo, maji marufuku, mzigo huo ukikutana na maji ndio unachachamaa. Hii naipigiaga kelele sana kwa sababu sisi kitu kikifuka moshi tu wazo la kwanza ni ndoo. Gari nyingine hazina hiyo pleti, zina kile kibandiko cha umbo la almasi tu na ile namba ya tarakimu nne pembeni, inatosha, ukipiga 114 kuwaita zimamoto usiwaambie tu lori limepinduka njooni, wasomee hiyo namba. Na ile karatasi ya usalama wa kemikali, inayoeleza mzigo ni nini na una hatari gani, ikae kwenye kebini na dereva, sio kwenye bahasha mezani kwa watu wa kliaringi, Mandela Road pakichafuka saa nane usiku ofisi yao imefungwa.

Kuhusu petroli sina haja ya kuongea sana, Msamvu tunaikumbuka wote, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori limeanguka watu wakaenda na madumu, wakafa zaidi ya 100. Watu wanadhani kinachowaka ni ile petroli inayotiririka, kumbe ni mvuke wake, na huo mvuke ni mzito kuliko hewa, hauendi juu, unatambaa chini kama maji unajaa mitaroni, unaweza kuwa umesimama mbali kabisa na tangi unawasha sigara na kumbe umeshazungukwa miguuni.

Ila kuna hatari nyingine madereva hawaiogopi kabisa, tangi tupu. Gari limeshusha, linapelekwa gereji kuchomelewa ufa, fundi anaambiwa hamna kitu humo, washa mashine. Bana, humo ndio kuna kitu. Mvuke wa petroli unawaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa, chini ya hapo haushiki, juu ya hapo umezidi mno nao haushiki. Tangi lililojaa mafuta hewa yake ni kidogo na mvuke umebanana, lile ulilomwaga likabaki mabaki ya mkono mmoja chini ndio linaweza kuangukia pale pale katikati, cheche moja tu linapasuka. Tangi la kuchomelewa lazima lisafishwe, lipulizwe, lipimwe gesi kwa mashine, na kuliachia mlango wazi kutwa nzima juani sio kusafisha. Kiroba cha mchele kikiisha ni kiroba kitupu kweli, tangi la petroli halina utupu wa namna hiyo.

Turudi kwenye kontena la kichwa cha habari maana ndio lililonifanya niandike. Nilikuwa mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii, ghala moja sitalitaja, limeingia kontena la dengu. Vibarua wanalipwa kwa kontena, sio kwa saa, kwahiyo sili ikikatwa tu wanaruka ndani, ndio hela ilipo. Dakika kama kumi nyapara anatoka na kijana mmoja kamshika bega, anatapika, anasema kichwa kinapasuka na kifua kinabana. Wakasema jua hilo, hajala, wakamnunulia soda. Mimi nikaenda mlangoni nikaona kipande cha kibandiko kimechanika, fuvu linaonekana nusu na maneno ya kizungu chini yake, nikahisi kaharufu ka kitunguu saumu kaliochanganyika na samaki aliyeoza, miguu ikaniisha nguvu.

Hiyo ni fosfini. Nafaka na kunde zikisafirishwa zinawekewa vidonge vya aluminiamu fosfaidi kuua wadudu, kidonge kikipata unyevu wa hewa kinatoa gesi, gesi inaua wadudu na haijui tofauti ya mdudu na kibarua. Inapiga mapafu na moyo, na dawa ya kuiondoa mwilini hakuna, hospitali wanakusaidia kupumua na kushika mapigo mpaka mwili wenyewe upambane. Ile barakoa ya kitambaa mnayovaa kwa vumbi haizuii hata kidogo. Na harufu usiitegemee, wengine hawaisikii kabisa mpaka wameshavuta ya kutosha, na hata ule unga wa kijivu unaobaki kwenye vifuko vya vidonge unaweza kuwa bado unatoa gesi, msiufagie kwa mkono.

Kilichonitisha zaidi ni mwenzake yule kijana, kaona kuna mwingine bado yuko ndani kule nyuma akataka kurudi kumfuata, nikamshika shati tukavutana mpaka likachanika. Ni ubinadamu, nauelewa, lakini kwenye gesi ndio hivyo hivyo watu wanakufa wawili watatu, anaingia wa kumuokoa wa kwanza na yeye analala. Tukampigia kelele yule wa ndani atoke mwenyewe, bahati akatoka anayumba. Yule wa kwanza alilazwa siku tatu, akapona. Kibandiko kizima kilikuwepo, na tarehe ya kufukiza, yaani kuweka hivyo vidonge, imeandikwa, ila kilikuwa kwenye mlango wa pili ambao uliegeshwa ukutani, hakuna aliyekisoma.

Lingine la haraka haraka, mizigo ya kuchanganya ya Kongo na Zambia. Tajiri anataka tela lijae, anapanga ndoo za klorini ya unga ya mabwawa ya kuogelea juu ya thina na mafuta ya breki, kifuniko kikilegea ikadondokea pale inaweza kuwaka bila mtu kuwasha kiberiti. Sianidi, ile sumu ya migodini, na asidi ndio kabisa, hizo hata ghala moja zisilale, zikigusana inatoka gesi ya kuua. Kemikali za namna hii zina vibali vyake kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, sheria yake ni ya mwaka 2003, na madereva wengi wanakichukulia kibali kama karatasi ya kumwonyesha trafiki tu, soma basi hata ukurasa wa kwanza ujue umebeba nini. Na asidi ikikurukia, maji ya bomba yatiririke dakika 15 hadi 20, nguo ivuliwe, usipake mafuta wala dawa ya meno, sijui hii ya dawa ya meno ilitoka wapi.

Lile ghala la dengu nilirudi kuwafundisha mwaka jana. Nyapara ni yule yule. Walinunua mashine ya kupimia gesi baada ya kubishana na mwenye ghala miezi, akisema ni ghali, nyapara akamwambia basi ingia wewe kwanza. Sasa hivi kontena likifika milango yote miwili inafunguliwa, watu wanakaa upande upepo unakotokea, na kwenye mlango wanaandika kwa chaki. Siku ile niliyokuwepo ilisomeka: limefunguliwa saa mbili na robo, kipimo saa nne kasoro, sifuri, tumeingia.