Antivirusi na kompyuta nzito: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Tangu niweke antivirusi, kompyuta imekuwa nzito." Anayesema hivi hasemi uongo. Feni inavuma, folda inafunguka kwa kusuasua, na barua ya mistari mitatu inachukua dakika nzima kujitokeza. Kosa huja katika hatua inayofuata, pale anapoiondoa antivirusi yote au kuizima na kusahau kuiwasha tena. Nimekaa mbele ya kompyuta nyingi za namna hii, na mara nyingi nimekuta antivirusi inafanya kazi yake halali, ila kwa wakati usiofaa au mahali pasipohitajika. Ukishajua ni wakati gani na mahali gani, huna haja ya kubaki bila kinga.

"Antivirusi inamaliza prosesa (ubongo wa kompyuta) muda wote"

Antivirusi ina kazi mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ulinzi wa papo kwa papo: faili likifunguliwa au likiandikwa, linasimamishwa mlangoni, linakaguliwa, ndipo linaruhusiwa kupita. Kazi hii huendelea kutwa nzima, lakini ni nyepesi, kwa sababu antivirusi nyingi hukumbuka faili lililokwisha kukaguliwa na halijabadilika. Ya pili ni ukaguzi wa ratiba, na mzito kuliko wote ni ule unaopitia diski nzima, faili kwa faili. Huo ndio unaoelemea, na ule wa kwanza kabisa baada ya kusakinisha huwa mrefu kwa kuwa bado hakuna faili linalofahamika.

Kwa hiyo swali langu la kwanza ni hili: inakuwa nzito saa ngapi? Ikiwa ni saa ileile kila siku, hiyo ni ratiba. Ikiwa ni dakika chache baada ya kuwasha, huenda inapakua masasisho, au inafidia ukaguzi uliokosekana kompyuta ilipokuwa imezimwa. Ikiwa ni pale tu unapofungua programu fulani, basi ulinzi wa papo kwa papo unagongana na programu hiyo.

Halafu tazama kwa macho yako. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager, dirisha linaloonyesha kila programu inatumia nini, ifunguke. Bofya kichwa cha safu ya CPU (prosesa) ili programu zinazotumia zaidi zipande juu, kisha fanya hivyo kwa Memory na kwa Disk. Kwenye Windows 10 na 11, Microsoft Defender, ambayo huja na mfumo wenyewe, huonekana kwa jina la Antimalware Service Executable, na faili lake linaitwa MsMpEng.exe. Wapo wanaoliona jina hilo wakadhani ndilo kirusi chenyewe. Usiangalie kwa sekunde mbili ukafunga. Kaa nayo dakika tano huku ukifanya kazi zako za kawaida.

"Prosesa yangu ni nzuri, kwa hiyo mbaya ni antivirusi"

Niliwahi kuletewa kompyuta ambayo mwenyewe aliapa kwamba antivirusi inamaliza prosesa. Tulipofungua Task Manager, CPU haikufika hata asilimia 10. Safu ya Disk ndiyo ilikuwa imeganda kwenye 100 na haishuki. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na HDD, yaani diski yenye sahani zinazozunguka, nyingi mara 5400 au 7200 kwa dakika, na kichwa kinachosogea huku na huko kutafuta data. Kila safari ya kichwa hicho huchukua takriban milisekunde 10. Piga hesabu mwenyewe: ni mafaili kama 100 tu kwa sekunde yakiwa yametawanyika, na diski ya kawaida ya Windows ina mafaili laki kadhaa. Ukaguzi ukiwa unaendelea nawe ukataka kufungua waraka, kichwa kilekile kinavutwa pande mbili.

SSD, diski ya aina mpya zaidi, haina kitu kinachozunguka, na husoma maelfu mengi ya vipande kwa sekunde. Mwenye HDD atabadilisha antivirusi tano na tofauti ataiona ndogo. Akibadilisha diski, ataiona siku hiyohiyo. RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nayo ina mchango wake. Ikiwa ni GB 4 na umefungua kurasa ishirini kwenye kivinjari, mfumo huanza kuhamishia data kwenye diski, na mzigo unarudi palepale.

"Antivirusi mbili, ulinzi mara mbili"

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kila antivirusi hujiweka kwenye njia ambayo kila faili linapita. Ya kwanza inafungua faili ili ilikague. Ya pili inaona faili limefunguliwa, nayo inalikagua. Zaidi ya hapo, moja inaweza kuiona hazina ya alama za virusi ya mwenzake ikadhani ni virusi vyenyewe.

Defender yenyewe hukaa pembeni ukisakinisha antivirusi nyingine inayotambuliwa na Windows, hivyo si lazima uiondoe. Kero hutokea unapoweka mbili za kampuni tofauti juu yake, au pale yanapobaki mabaki. Kompyuta inakuja na antivirusi ya majaribio, muda wake unakwisha, mwenyewe anasakinisha nyingine, ile ya zamani anaifuta kijuujuu, na vipande vyake vya ndani vinaendelea kupakiwa kila anapowasha. Watengenezaji wengi wana programu maalumu ya kung'oa bidhaa yao mpaka mizizi. Ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, kamwe si kwenye tangazo, kisha uwashe kompyuta upya kabla ya kusakinisha nyingine.

"Nimeizima ikawa nyepesi, ushahidi ndio huo"

Ushahidi huo bado mchanga. Unaponakili folda mara ya pili, mafaili mengi bado yamo kwenye RAM, hivyo kazi itakwenda haraka hata kama hukuzima kitu. Ukitaka kupima kwa haki, washa kompyuta upya, subiri itulie, nakili folda moja ukitazama saa. Kisha iwashe upya tena, kata intaneti, zima ulinzi wa papo kwa papo, nakili folda ileile kwenda mahali palepale. Linganisha nyakati hizo mbili, halafu rudisha ulinzi kabla hujarudisha intaneti. Defender hujiwasha yenyewe baada ya muda mfupi, ila usiitegemee kwa hilo.

Wenye Defender wana kipimo bora zaidi, na inanisikitisha kwamba wachache wanakijua. Fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi, andika `New-MpPerformanceRecording -RecordTo C:\rekodi.etl`, fanya ile kazi inayokwama, kisha bonyeza Enter ili rekodi isimame na kuhifadhiwa. Baada yake andika `Get-MpPerformanceReport -Path C:\rekodi.etl -TopFiles 10 -TopProcesses 10`. Utaletewa orodha ya mafaili na programu zilizoichukulia antivirusi muda mwingi zaidi. Mara nyingi jibu ni moja na linajitokeza waziwazi: faili kubwa la barua pepe, folda ya hifadhidata, au programu ya kuhifadhi nakala inayofungua kila kitu upya.

"Iambie isikague diski C, utapumua"

Ushauri huu unanitia hofu kuliko mingine yote. Folda ukiiweka kwenye orodha ya visivyokaguliwa, Defender haiigusi tena, si kwa ulinzi wa papo kwa papo wala kwa ukaguzi wa ratiba. Kuitoa diski nzima ni kubaki na antivirusi kwa jina tu.

Orodha hiyo ina matumizi yake halali, lakini yawe finyu. Mwandika programu mwenye folda ya mradi yenye mafaili madogo elfu thelathini yanayoandikwa upya kila anapojenga ana sababu nzuri. Vivyo hivyo mwenye faili kubwa la mashine pepe (kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta yako) au la hifadhidata. Lakini Downloads, folda za muda, eneokazi na flashi zisiingie humo kamwe, kwani hiyo ndiyo milango ambayo uchafu hupitia. Na hata kama hukuwahi kuweka kitu, ifungue orodha uitazame: programu hasidi nyingi, zikishaingia, hujiandika humo zenyewe ili zisiguswe. Ukikuta folda usiyoijua, iondoe kwenye orodha na uanzishe ukaguzi kamili.

"Weka sifuri, haitatumia prosesa kabisa"

Defender ina kipimo cha matumizi ya prosesa wakati wa ukaguzi wa ratiba. Kwa kawaida ni 50, na huo ni wastani wa kulenga, si ukuta, kwa hiyo usishtuke ukiona imepanda zaidi kwa kitambo. Unaweza kukishusha, kwenye PowerShell ileile, kwa `Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20`. Ukaguzi utachukua muda mrefu zaidi lakini utaacha nafasi ya kazi. Thamani zinazokubalika ni 5 hadi 100. Sifuri ina maana yake ya pekee: inaondoa kizuizi chote. Mwenye kuandika 0 akitarajia nafuu anaipa antivirusi ruhusa ya kujichotea itakavyo.

Ratiba nayo hubadilishwa, kwenye Task Scheduler (programu ya Windows ya kupanga kazi za ratiba), chini ya Microsoft, Windows, kisha Windows Defender. Isogeze saa ambayo kompyuta imewashwa lakini huitumii. Usiifute.

"Masasisho ndiyo yanayoharibu, yazime"

Dhana hii ina punje ya ukweli. Tarehe 21 Aprili 2010, sasisho la antivirusi ya McAfee lililitambua svchost.exe, faili halali la Windows XP, kuwa ni kirusi, na kompyuta nyingi zikawa zinajizima na kujiwasha bila kukoma. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft. Lakini hizo ni ajali, na zilirekebishwa. Antivirusi isiyosasishwa haivijui virusi vilivyotolewa jana, na hilo ni tatizo la kila siku. Uzito ukianza mara tu baada ya sasisho, angalia kwanza kama marekebisho yameshatolewa.

"Kompyuta yangu ni nyepesi, kwa hiyo haina virusi"

Programu za kuiba nywila hupenda ukimya. Zinachukua kidogo, zinatuma, zinatulia. Mwenye kompyuta hahisi chochote. Zinazoelemea ni kama zile zinazochimba sarafu za kidijitali kwa prosesa ya mtu mwingine, na baadhi yake zimeandikwa zisimame mara Task Manager inapofunguliwa. Basi ikiwa feni inavuma kompyuta ikiwa haina kazi, nawe ukifungua Task Manager tu inanyamaza na kila safu inaonekana safi, usiilaumu antivirusi. Hifadhi kazi zako, nenda Windows Security, sehemu ya ulinzi dhidi ya virusi, chagua ukaguzi wa Microsoft Defender Offline. Kompyuta itajiwasha upya na kukaguliwa kabla Windows yenyewe haijapakiwa, wakati ambapo programu hiyo bado haijapata nafasi ya kuamka na kujificha. Huchukua kama dakika 15.