Kwa nini Wajerumani waliita vita vya Mrima "maasi ya Waarabu"?

Je, wajua kwamba vita vilivyozuka mwaka 1888 katika pwani ya Tanzania, vile tunavyovijua kama vita vya Abushiri, Wajerumani walivipa jina la "maasi ya Waarabu"? Ukiangalia ni akina nani walioshika bunduki na mikuki Pangani mwaka ule, jina hilo halikai sawa. Waarabu walikuwamo, na Abushiri bin Salim al-Harthi ndiye aliyevuma kuliko wote. Lakini moto huo haukuwashwa na wao peke yao, na baadhi yao walihangaika kuuzima.

Tarehe 28 Aprili 1888, Sultani Khalifa bin Said wa Unguja aliikodisha Mrima, yaani pwani ya bara, kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kwa miaka 50. Forodha, mahakama, ushuru, vyote vikawa mikononi mwa kampuni, nayo ilitakiwa kutawala kwa jina la Sultani. Kazi ilipangwa kuanza katikati ya Agosti. Pangani akapelekwa Emil von Zelewski, mwanajeshi wa miaka 34.

Zelewski alitaka bendera ya kampuni ipepee pamoja na ya Sultani kwenye nyumba ya liwali, yaani mwakilishi wa Sultani mjini, Abdulgawi bin Abdallah. Liwali akakataa. Manowari ya Kijerumani ikashusha askari wa majini, wakaingia mjini kwa nguvu, na mlingoti wa bendera ya Sultani ukaangushwa. Siku hizo zilikuwa za Idi Kubwa. Watu wa Pangani walilalamika kwamba Wadachi, yaani Wajerumani, waliingia msikitini na mbwa, tena katika sikukuu.

Tusiishie kwenye bendera na mbwa, maana hapo ndipo masimulizi mengi yanapokoma. Pangani ulikuwa mji wa misafara. Pembe za ndovu zilishuka kutoka bara hadi hapo, na wapagazi kwa maelfu, wengi wakiwa Wanyamwezi wenye bunduki zao, walikaa mjini wakingoja kulipwa na kupata mizigo ya kurudi nayo. Majumbe, wenyeji wa miji hiyo tangu kabla ya masultani wa Unguja, walikula kwa njia ya ada na zawadi walizotoa wenye misafara. Kampuni ilikuja kuzikausha njia hizo zote kwa mara moja, na ikataka pia mwenye shamba athibitishe kwa maandishi kuwa shamba ni lake, la sivyo ardhi ihesabiwe haina mwenyewe. Fikiria mzee aliyerithi minazi kwa babu yake, na mipaka yake inajulikana na jirani zake wote. Karatasi angeitoa wapi?

Mwanzoni mwa Septemba umati ukawafungia watumishi wa kampuni ndani ya nyumba yao. Unguja ikamtuma Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultani. Aliwatoa Wajerumani wakiwa hai, lakini yeye mwenyewe hakuweza kukaa Pangani. Kwangu mimi tukio hili lina uzito kuliko lile la bendera. Kama watu wangekuwa wanamtetea Sultani tu, wangempokea jemadari wake. Walichomwambia Mathews ni kwamba aliyewauza hana neno tena kwao.

Abushiri naye alikuwa na ugomvi wa miaka mingi na masultani wa Unguja. Alikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na jambo hilo halifai kufichwa kwa kumpenda. Aliingia kuongoza watu waliokwisha kusimama, na mara kwa mara ilimbidi kuwazuia. Askofu Charles Smythies alipofika Pangani wakati wa vurugu, Abushiri ndiye aliyemkinga na umati. Hans Meyer, yule aliyefika kilele cha Kibo mwaka 1889, alikuwa mateka wake mwaka mmoja kabla, akafunguliwa kwa fidia ya rupia 10,000.

Mahali pengine Waarabu walionekana kwa uchache zaidi. Saadani iliongozwa na Bwana Heri bin Juma, mtawala wa Wazigua, ambaye hakuwa na desturi ya kuinamia Unguja. Kilwa ilijaa Wayao kutoka bara, na Wajerumani wawili waliokuwa pale wakauawa. Kufikia mwisho wa Septemba kampuni ilibaki imeshikilia Bagamoyo na Dar es Salaam tu.

Sasa basi, "Waarabu" walitoka wapi? Walitokana na haja ya fedha. Kampuni ilikuwa imefilisika kwa nguvu na kwa heshima, na Bismarck, kansela wa Ujerumani, alijua kwamba bunge la Berlin halingetoa pesa za walipa kodi kuwaokoa wafanyabiashara waliofukuzwa na wateja wao. Lakini mwaka huohuo Kadinali Lavigerie alikuwa akizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa Afrika, na mwezi Oktoba ukafanyika mkutano mkubwa mjini Köln juu ya jambo hilo. Wakatoliki walikuwa na chama chenye viti vingi bungeni. Vita vikiitwa vya wauza watumwa wa Kiarabu dhidi ya Wakristo, kura zinapatikana. Mwanzoni mwa 1889 bunge likapitisha marki milioni 2, kwa maneno ya kukomesha biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Ujerumani.

Ni kweli wauza watumwa walikuwapo Mrima, na baadhi yao walipigana. Ila amri zilizowachoma watu wa Pangani Agosti ile zilihusu forodha, ardhi na madaraka.

Fedha zile zilimpa afisa wa Kijerumani Hermann Wissmann jeshi. Aliajiri Wasudani mia kadhaa kutoka Misri na Washangaan kutoka Msumbiji, akaivunja ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo tarehe 8 Mei 1889. Abushiri alisalitiwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri alisalimu amri mwaka uliofuata. Zelewski aliuawa na Wahehe wa Mkwawa pale Lugalo, Agosti 1891, akiwa kamanda wa jeshi lote la koloni.

Na utumwa? Serikali ya Kijerumani, iliyochukua nafasi ya kampuni mwaka 1891, haikuupiga marufuku. Iliamuru tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa kuanzia mwaka 1906 wawe huru. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, Wajerumani wakiwa wameshaondoka.

Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mshairi wa Mrima aliyeishi siku zile, alitunga utenzi juu ya mambo hayo. Unajulikana kama utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima.